Upande wa Mkate

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Aliye na birika motoni na aliepue. Aliye na redio ndogo aisogeze dirishani, maana upepo leo unatoka kaskazini na mitambo yetu, kama mnavyoijua, haipendi upepo wa kaskazini. Ni mimi Effie Keeping, sauti yenu ileile, kutoka chumba chetu kilekile juu ya duka.

Leo tunamkumbuka Hedley Rideout. Narudia: Hedley Rideout, wa hapahapa Candle Tickle, mvuvi, mume wa Dulcie, baba wa Lorraine. Tulimzika Jumanne. Wengi wenu mlikuwepo kanisani, na wengi wenu mlikula sandwichi nyingi kuliko mlizoleta, lakini hayo tuyaache.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja. Mjane, mama Dulcie, alikuja hapa kituoni jana. Akavua glavu, akakaa kwenye kiti hiki kinacholia, akaniambia, "Effie, nina tangazo. Nataka ulisome mara mbili." Nikamwambia, "Dulcie, nitalisoma hata mara tatu, lakini watu hawatalielewa mpaka wasikie habari ya ile mashua." Akafikiri, akasema, "Basi wasimulie. Ila usiwafanye wanihurumie." Kwa hiyo mtanivumilia. Tangazo linakuja mwishoni. Na tafadhali, msipige simu katikati ya kipindi kuuliza tangazo ni nini, kama mlivyofanya siku ya bei ya mafuta.

Wasikilizaji wapendwa, Hedley alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikifika mbele nitakuwa nimekasirika na nitasahau. Samaki wake wa kwanza wa mwaka alimpelekea bibi Melvina Snook mpaka bibi yule alipofariki. Mjane yeyote wa bandari hii aliyekosa kuni aliamka akazikuta mlangoni, zimepasuliwa na kupangwa, na Hedley akiulizwa anasema labda zimeletwa na maji. Alikuwa mtu mwema. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo halikupata kutoka kinywani mwake. Neno hilo ni "nimekosea."

Dulcie alilijua hilo mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Hedley alitundika mlango wa jikoni, na alipoufungua kwa mara ya kwanza, ukagonga jiko. Pa! Dulcie akamtazama. Hedley akautazama mlango. Akaufungua tena, taratibu. Ukagonga tena.

"Nimeuweka hivyo makusudi," akasema. "Joto lisitoke."

Dulcie alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa bado mgeni. Mlango ule unagonga jiko mpaka leo, na mimi mwenyewe ulinipiga kiwiko Jumanne hiyohiyo ya msiba.

Sasa tuje kwenye mashua. Mnaukumbuka mwaka barabara ilipotufikia. Kila mtu aliyeweza alikuwa akinunua boti ya plastiki na kuileta kwa lori, na akina baba walisimama gatini kuzigongagonga kama watu wanaochagua tikiti maji. Hedley hakutaka. Alisema baba yake, mzee Absalom, alijenga mashua ya mbao nyuma ya nyumba, na babu yake vilevile, na yeye atajenga yake nyuma ya nyumba. Dulcie hakupinga. Aliuliza swali moja tu: nyuma ya nyumba, wapi?

Pale ilipokuwa kamba yake ya kuanikia nguo. Ndipo.

Basi majira ya baridi yote yale nguo za familia zilikauka jikoni. Suruali za Hedley zilining'inia juu ya meza ya chakula zikidondosha maji kwenye supu. Hedley alikuwa porini na kigari chake cha theluji akitafuta miti yenye mkunjo, ile inayofaa kwa mataruma, yaani mbavu za mashua. Akiipata, anarudi anaimba. Dulcie alikuwa anapita chini ya mashati yaliyolowa akisema, "Miti imepinda, hongera. Na mgongo wangu unapinda bure."

Nyie vijana mliokulia kwenye plastiki, nisikilizeni kidogo. Hapa kwetu mashua haikuchorwa kwenye karatasi. Ilitoka kwenye vigezo. Vigezo ni vibao vyembamba vilivyopinda, na kila kibao kina alama za kukuonyesha kila taruma lipinde kiasi gani. Mtu alirithi vigezo vya baba yake na hakumwazima jirani hata akiombwa kwa machozi. Vya mzee Absalom vilitundikwa kwenye msumari bandani. Vilikuwa na alama pande zote mbili, maana mzee hakupenda kupoteza mbao: upande mmoja wa mashua ndogo, upande mwingine wa mashua kubwa. Upande wa mashua ndogo ulikuwa na doa la rangi nyekundu. Hedley alikuwa anajenga mashua ndogo. Shikeni hilo. Mashua ndogo, upande wa doa.

Ilikuwa mwezi Machi, theluji bado imelala uani. Hedley alikuwa amemaliza mataruma yote ya upande wa kushoto. Mafundi wengine hapa hukata jozi kwa jozi, la kushoto na la kulia, wakayalinganisha kabla ya kuendelea. Hedley alikata upande mzima kwanza. Ukimuuliza sababu, anakuuliza wewe umejenga mashua ngapi.

Dulcie akatoka na chai na kipande cha mkate wa moto uliopakwa molasi. Hedley akaweka kigezo juu ya gogo, akanywa, akala, akafuta vidole kwenye suruali ileile iliyokaukia juu ya supu. Halafu akakichukua tena kigezo, akakilaza juu ya mti wa kwanza wa upande wa kulia. Dulcie akaona.

"Hedley, umekigeuza."

"Nimegeuza nini?"

"Hicho kibao. Ulikuwa unatumia upande wenye doa. Sasa doa liko chini."

"Dulcie."

"Mimi nakwambia nilichoona."

"Nimekua na vibao hivi tangu sijavaa viatu."

"Sijasema hukukua navyo. Nimesema umekigeuza."

"Dulcie, mama, nenda kaangalie mkate wako."

Akaenda kuangalia mkate. Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penyewe, kwa hiyo narudia. Dulcie aliona. Dulcie alisema. Dulcie akaambiwa akaangalie mkate. Na mkate wenyewe ulikuwa umeshaepuliwa, maana kipande chake kilikuwa tumboni mwa Hedley!

Hedley akakata upande wote wa kulia kwa alama za mashua kubwa. Theluji ilipoyeyuka, mbao zikaanza kupanda, na mtu yeyote aliyepita njia ya kanisani aliweza kuona kutoka kilimani kwamba mashua ile imeshiba upande mmoja. Je, alitokea mtu wa kumwambia? Hakutokea. Mnatujua. Hapa Candle Tickle mtu hasemi vibaya mashua ya mwenzake uani kwake. Watu walikuja mmoja mmoja, wakasimama mikono mifukoni, wakaizunguka, wakakohoa, wakasema, "Itaelea." Kila mmoja. "Itaelea, mwanangu," maana hapa kwetu kila mwanaume humwita mwenzake mwanangu. Hakuna neno baya kuliko hilo kwa fundi wa mashua, na Hedley akalipokea kila mara akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa zawadi.

Tena, akiongeza uchungu bila kujua, akaipaka rangi ya kijani na kuiandika jina la mke wake ubavuni, kwa herufi nyeupe nzuri kabisa. Dulcie R. Alimwita atoke jikoni aone. Dulcie alisimama pale na unga mikononi. Aliniambia jana kwamba alifurahi na wakati huohuo alitaka kumpiga na mwiko.

Siku ya kuishusha majini bandari nzima ilikuja kuvuta kamba, kama tulivyofanya siku zote. Ikateremka vizuri. Ikaingia majini. Ikaelea! Watu wakapiga makofi. Halafu, bila mtu ndani, bila upepo wa kueleza, mashua ikaegemea kidogo na kuanza kugeuka kulia. Ikageuka mpaka ikatutazama sisi. Ikaendelea. Makofi yakaisha.

Garland Snook ndiye aliyeanza. Garland, najua unasikiliza, usiondoke, nitakuja kwako.

"Hedley, mwanangu!" Garland akaita. "Inakwenda wapi hiyo?"

Na Hedley, akiwa na maji mpaka magotini, bila kupepesa macho, akajibu, "Inafuata jua."

Mnajua mila yetu. Mashua ikiondoka gatini hugeuzwa kwa kufuata jua, kwenda kulia, wala haigeuzwi kinyume, hata kama kulia kuna mwamba. Kwa hiyo jibu lilikuwa zuri. "Zenu lazima mzikumbushe," akasema. "Yangu inajua yenyewe." Angeishia hapo, tungecheka, tungeenda kunywa chai, na leo nisingekuwa na tangazo la kusoma. Lakini Garland hakunyamaza. Akasema inafuata jua kwa sababu imevimba shavu, inatafuta daktari wa meno. Gati zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Hedley akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Muulizeni Dulcie," akasema. "Alivigusa vigezo vyangu alipoleta chai."

Ndivyo alivyosema. Mbele ya watu wote. Dulcie alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu na Lorraine kiunoni. Alimsogeza mtoto kiuno cha pili, akapanda zake nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, huenda mtu ananiuliza, Effie, na hilo nalo ni jambo? Ni utani wa siku moja. Laiti ungekuwa wa siku moja! Kufika Jumapili mashua ile ilikuwa haiitwi Dulcie R. tena. Iliitwa Mkate wa Dulcie, kwa sababu imeumuka upande mmoja. Aliyeipa jina hilo anajijua, na anafuga kondoo. Kwenye chakula cha kanisa watu walimwambia, "Dulcie, usiguse meza, itapinda." Picha ikining'inia vibaya ukumbini, "Dulcie amepita hapa." Watoto waliokuwa hawajazaliwa siku ile walikua wakijua kwamba Dulcie Rideout ndiye aliyeharibu mashua ya mumewe. Hawakuwa na ubaya. Walipenda kucheka, na yeye alicheka nao. Alikuwa anacheka nao mpaka kwenye lango lake, akifunga lango kicheko kimekwisha.

Hakutaka makubwa. Alitaka Hedley aseme, mara moja, mbele ya mtu yeyote mwenye masikio, kwamba kosa lilikuwa lake. Basi. Mwanamke mwenye mikono iliyoshona nusu ya mapazia ya bandari hii kwa kipimo cha macho, kuitwa mharibifu wa vipimo! Lilimuuma. Lilimuuma miaka yote, na mtu wa kuliondoa alikuwa analala ubavuni pake anakoroma.

Alimwomba. Msidhani alinyamaza tu. Ananiambia mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi, kila mwaka, wakati wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mashua.

"Hedley, sema tu."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Boti inaelea au haielei?"

"Sikukuuliza kama inaelea."

"Imewahi kukuzamisha?"

"Hedley!"

"Basi. Nipe hiyo lami."

Na balaa lenyewe ni kwamba mashua ile ilimtumikia. Hapo ndipo utakapotaka kung'oa nywele. Alijifunza kulivuta kasia la kulia kwa nguvu zaidi, na baadaye akaifunga injini kwa pembe, akavua nayo maisha yake yote. Kisha ikaja ile siku ya ukungu. Injini ilizimika nje ya mlango wa bandari, ukungu umeshuka mpaka huoni ngumi yako, na mkondo unavuta kwenda nje. Wanaume wakatoka kumtafuta. Dulcie alisimama mwisho wa gati na sufuria na mwiko wa chuma, akapiga. Akapiga bila kupumzika, mpaka sufuria ikabonyea. Alikuwa na hofu ambayo hata leo hapendi kuizungumzia.

Wakamkuta palepale injini ilipozimikia. Mashua yoyote nyingine ingekuwa imekwishapeperushwa, lakini ile ilikuwa inazunguka tu, kulia, kulia, karibu na mwamba wa Old Tom, na Hedley ndani anakula biskuti. Walipomleta gatini, Dulcie alikuwa ameinyoosha mikono. Alikuwa tayari kumsamehe kila kitu. Hedley akatoa kichwa kwenye ukungu, akasema, "Umeona? Inafuata jua."

Dulcie akatupa sufuria baharini.

Na Hedley, ndiyo, Hedley, alichukua upondo wenye ndoana akaanza kuivua sufuria. Akaipata. Akamkabidhi akisema hiyo ni sufuria nzuri, isitupwe. Mimi nilikuwepo, nilishuhudia, na nilikuwa tayari kumsaidia Dulcie kumtupa yeye badala yake.

Sasa tuje karibu. Mwaka jana daktari alimwambia Hedley mapafu yake yamechoka, akae ndani, akae karibu na moto. Hedley akakaa ndani siku za kutosha kunywa kopo moja la supu, halafu akahamia bandani. Binti yao Lorraine, ambaye mnamjua, ndiye anayetengeneza injini zenu na mnamchelewesha kumlipa, alikuwa amesema anataka kujenga mashua yake mwenyewe, ya mbao, uani kwake. Hedley hakumpa vigezo vya mzee Absalom. Alisema atamtengenezea vipya.

Dulcie alikuwa anampelekea chai. Akifungua mlango wa banda, Hedley anafunika kazi kwa turubai.

"Unaficha nini na wewe mzee?"

"Kazi ya Lorraine."

"Mimi nitakigusa kigezo kipinde, siyo?"

Hedley akakohoa. Dulcie alisubiri kikohozi kiishe, akamwekea kikombe karibu na mkono, akatoka.

Kisha ikawa hospitali, huko mjini, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Dulcie alikaa naye. Aliniambia, "Effie, nilijua hakuna muda. Nikasema moyoni, sasa atasema. Hana boti, hana randa, hana pa kukimbilia, kuna mimi na yeye na bomba la hewa." Siku moja Hedley akafumbua macho, akamshika mkono, akamvuta karibu. Dulcie akainama.

"Dulcie," akasema. "Zile kuni karibu na uzio."

"Ndiyo, Hedley."

"Usizichome. Bado mbichi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe. Narudia, ingawa sipendi kuyarudia: kuni bado mbichi. Alifariki siku iliyofuata, Dulcie akiwa amemshika mkono uleule, na alimpenda, na alikuwa amemkasirikia vibaya sana.

Jumanne tukamzika. Mkala, mkaimba, mkaondoka. Dulcie akabaki jikoni na vyombo, na Lorraine akaingia na mzigo umefungwa turubai. Mlango ukagonga jiko. Lorraine akasema kwake kuna unyevunyevu, anaomba aviache vigezo kwenye ukuta wa mama yake mpaka atakapoanza kukata.

"Hivi ndivyo vibao alivyokuwa ananificha?" Dulcie akauliza.

"Ndivyo. Baba alisema usivione mpaka mafuta aliyovipaka yakauke."

Dulcie akafuta mikono. Akachukua kibao cha kwanza. Upande mmoja ulikuwa na alama zote, safi, zimekatwa kwa ncha ya kisu. Na juu ya alama, pembeni, palikuwa pamechongwa kitu kidogo. Akakisogeza dirishani. Ulikuwa mkate. Mkate wa nundu tatu, kama tunavyouoka sote hapa. Akakigeuza kibao. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Ulikuwa umepigwa randa mpaka ukawa laini kama meza, hauna alama hata moja ya mtu kukosea nayo. Akachukua cha pili. Mkate huku, utupu huku. Cha tatu vilevile.

"Hiki nini?"

"Mkate, Mama."

"Naona ni mkate, sijapofuka. Wa nini?"

"Wa kuonyesha upande wa kutumia. Baba alisema, ukishika kibao tafuta mkate kwanza. Alisema, 'Upande wa mama yako ndio sahihi. Aliniambia nimekigeuza, nikamfukuza akaangalie mkate, ndiyo maana ile boti inazunguka.'"

Dulcie akamgeukia.

"Alisema hivyo?"

"Mara nyingi tu. Kila akimaliza kibao."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Mama, mimi nilidhani unajua. Nilidhani mlishayamaliza zamani."

"Mlikuwa wapi?"

"Bandani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Lorraine akaangalia chini. "Jikoni."

"Jikoni!" Dulcie akasema. "Hapa! Nyuma ya ukuta mmoja, na mlango wake huu wa kipumbavu! Alikuwa na mdomo wa kukwambia wewe, na mikono ya kuchonga mikate majira ya baridi mazima na mapafu yale, na hatua kumi za kuja kuniambia mimi hakuwa nazo? Neno moja, Lorraine! Lingemchukua muda gani?"

Kisha akakaa, kibao mapajani, akalia. Hakuwa amelia kanisani wala makaburini. Alilia kwa hasira, akakisugua kile kimkate kwa kidole gumba, na kila alipokigusa akasema, "Mjinga wewe. Mjinga wewe." Lorraine akamwekea chai. Chai ikapoa.

Kesho yake akavaa glavu akaja kwangu. Alinikataza kuandika. Alinifanya nilikariri tangazo lake pale kitini, kama mtoto wa shule ya Jumapili, mpaka akaridhika. Basi wasikilizaji wapendwa, zimeni mabomba ya maji, wanyamazisheni mbwa. Hili ndilo tangazo.

Hedley Rideout wa Candle Tickle alikata mataruma ya upande wa kulia kwa kigezo kilichogeuzwa. Mke wake alimwambia. Hakusikia. Mke wake hakugusa kigezo chochote. Hedley mwenyewe alilikiri hilo kabla ya kufa, kwa binti yake. Mwisho wa tangazo.

Narudia, kwa waliokuwa wanafungua mlango. Hedley alikosea. Dulcie alikuwa sahihi. Hedley alikosea, Dulcie alikuwa sahihi. Hiyo mara ya tatu ni yangu mimi, kwa sababu siku ile gatini nilicheka.

Nilimuuliza Dulcie mashua yenyewe ifanyweje, maana kuna watu wameshaanza kuuliza kama itapasuliwa kuni. Akaniangalia kama nimetukana. Alisema inabaki palepale, na Lorraine ataipaka rangi masika haya, na jina lake litaandikwa upya kwa herufi kubwa kuliko za kwanza. Anayetaka kuiita kwa jina lingine aende akamwombe ruhusa yeye, uso kwa uso.

Garland Snook, wewe na kondoo wako, hapo ndipo unapoingia. Una gari, una miguu, na nyumba yake unaijua. Ukienda, usiende mikono mitupu, na usipeleke utani.

Kwa niaba ya kituo hiki na bandari nzima, natoa pole kwa mama Dulcie, kwa Lorraine, na kwa ukoo wote wa Rideout, wa hapa na wa ng'ambo ya ghuba. Mmeondokewa na mtu mwema aliyetujazia kuni. Mungu ampumzishe, na amfundishe kusema.

Nasi tuliobaki, kabla ya chakula cha mchana, kila mtu amtazame yule anayeishi naye. Kama kuna neno unadaiwa naye, lipeleke kwake. Usimpe binti yako akutunzie. Usilichonge. Nenda jikoni ukaliseme, hata kama mlango utagonga jiko.

Na wewe Dulcie, najua umekaa karibu na redio na najua leo ni siku yako ya kuoka. Ukisikia harufu, kaa hapohapo. Mkate atauangalia mtu mwingine.